Nahodha Ajulikane, Lakini Asizoeleke

Kila kaskazi inapoanza kuvuma, meli kubwa za kitalii huonekana tena zikiingia Kilindini, na picha zake hufika Nairobi kabla abiria hawajamaliza kushuka ngazi. Zamani picha hizo zilimwonyesha mtalii aliyevishwa shada la maua na wachezaji ngoma waliompokea gatini. Siku hizi anayetafutwa na kamera ni nahodha: mtu wa sare nyeupe yenye mistari minne mabegani, anayecheka na kila mtu, anayejaribu hatua mbili tatu za ngoma, anayepiga picha na mabibi wa Kizungu kana kwamba yeye ni mjukuu wao. Kampuni za meli zimeliona soko hilo na kulikuza. Kate McCue, ambaye mwaka 2015 alikuwa mwanamke wa kwanza wa Marekani kukabidhiwa uongozi wa meli kubwa ya kitalii, anafahamika na watu wengi ambao hawajawahi kukanyaga sitaha yoyote, kwa sababu ya video zake fupi za mitandaoni. Humu mjini video za namna hii huzua mjadala uleule kila zinaposambaa. Wapo wanaomsifu nahodha kwa unyenyekevu wake, na wapo wanaouliza, kwa kejeli ya Nairobi, ni nani basi aliyebaki kwenye usukani.

Naona pande zote mbili zimekosa shabaha, kwa sababu zote zinaichukulia bashasha ya nahodha kama suala la tabia yake, kana kwamba tunachagua kati ya mtu mchangamfu na mtu makini. Hoja yangu ni kwamba nahodha anawajibika kujulikana na abiria wake wote, kwa sura ikiwezekana na kwa sauti kwa vyovyote vile, maana siku ya hatari watu hawatii cheo wasichokijua. Lakini hawajibiki kuwa mwenzao, na akijaribu kuwa mwenzao anajitia mashakani yeye na wao. Mazungumzo yenyewe hayazamishi meli. Yanayotisha ni mambo mawili yanayoweza kujificha nyuma ya mazungumzo: kukosekana kwa mpaka wa mahali na wakati, na lile deni la kupendeza watu ambalo nahodha huanza kulilipa kwa maamuzi yake.

Tuanze na kazi yenyewe, kwa kuwa wengi wetu tunaoishi mbali na bahari humfikiria nahodha kama dereva wa matatu ambaye abiria wa kiti cha mbele anamsimulia habari za siasa huku gari likipenya Barabara ya Thika. Nahodha wa meli kubwa hageuzi usukani kwa mkono wake. Zamu za kuongoza meli hushikwa na maofisa wa sitaha wanaopokezana usiku na mchana. Yeye kwa kawaida hana zamu yake maalumu, ila huitwa wakati wowote, na huwapo mwenyewe meli inapoingia au kutoka bandarini, inapopita mlango mwembamba, ukungu unaposhuka au bahari inapochafuka. Chini yake yuko naibu anayesimamia usalama na nidhamu, mhandisi mkuu mwenye mitambo, na meneja wa hoteli ambaye, kwa hesabu ya watu, ndiye mwenye idara kubwa kuliko zote. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, unaojulikana kwa kifupi kama SOLAS, unampa nahodha neno la mwisho: mwenye meli hawezi kumzuia kuchukua hatua anayoona ni ya lazima kwa usalama. Kwa hiyo zile saa zinazoonekana kuwa tupu katika siku yake, ambazo abiria hudhani angeweza kuzitumia kupiga soga kando ya bwawa la kuogelea, ndizo saa anazotakiwa kuwa na akili iliyopumzika, tayari kuitwa.

Na saa hizo zina kiasi. Kanuni za kimataifa za mabaharia zinadai mtu apate angalau saa 10 za mapumziko katika kila saa 24, na angalau saa 77 katika kila siku 7. Wiki ina saa 168, kwa hivyo zinazobaki kwa kazi zote hazizidi 91. Meli ya Icon of the Seas, iliyoanza safari zake za abiria Januari 2024, inaweza kuchukua abiria 7,600. Tuchukue meli ndogo kuliko hiyo, yenye abiria 5,000, na tumpe kila mmoja wao dakika moja tu ya kusalimiana na kupiga picha. Hizo peke yake ni saa 83 na dakika 20. Nahodha aliyewaridhisha wote kwa wiki moja angebakiwa na chini ya saa 8 za kuingia bandarini, kutoka bandarini, kusikiliza ripoti za mitambo, kusimamia mazoezi ya dharura na kusoma hali ya hewa. Anayesema nahodha awe karibu na abiria bila kusema kwa njia gani, hajapiga hesabu.

Desturi ya nahodha mwenyeji, anayeketi mezani na abiria, ni ya zamani kuliko utalii. Katika vyombo vya kale vya Bahari ya Hindi nahodha mara nyingi ndiye aliyesimamia shehena, wafanyabiashara na mapatano ya bandarini, huku kazi ya kufuata nyota na kuijua njia ikiwa mikononi mwa mwalimu wa bahari. Mtu wa kuzungumza na watu na mtu wa kuongoza chombo hawakulazimika kuwa mmoja. Meli za abiria za Atlantiki ziliwakutanisha wawili hao ndani ya sare moja. Mwanzoni mwa karne ya 20 matajiri walijali sana ni nahodha gani wanasafiri naye, na Edward Smith wa Titanic alikuwa kipenzi chao. Jioni ya tarehe 14 Aprili 1912 alikuwa mgeni wa heshima katika karamu ya familia ya Widener ya Philadelphia kwenye mkahawa wa meli, na saa 5:40 usiku huohuo meli ikagonga mwamba wa barafu. Wanaopinga bashasha hukipenda kisa hiki, ila hawakisimulii hadi mwisho. Smith aliondoka mezani mapema, na karibu saa 3 usiku alikuwa kwenye chumba cha usukani akizungumza na ofisa wa zamu kuhusu baridi na uwezekano wa kuiona barafu. Uchunguzi wa Uingereza chini ya Lord Mersey uliona kwamba alifuata mazoea ya manahodha wa wakati ule, ya kutopunguza mwendo hewa ikiwa angavu hata kama barafu imetajwa mbele. Takriban watu 1,500 waliangamia kwa mazoea hayo na kwa uhaba wa boti za uokoaji. Chakula cha jioni hakikuwa na hatia kubwa.

Kisa chenye uzito zaidi ni cha Costa Concordia. Usiku wa tarehe 13 Januari 2012, ikiwa na watu zaidi ya 4,200, nahodha Francesco Schettino aliipitisha karibu mno na kisiwa cha Giglio, Italia, kwa ajili ya kukisalimu tu. Ikapasuliwa na mwamba na watu 32 wakafa. Ndani ya chumba cha usukani walikuwamo wageni wasio na kazi yoyote pale, na muda mfupi kabla ya kugonga nahodha alikuwa kwenye simu na nahodha mstaafu mwenye uhusiano na kisiwa hicho. Mwaka 2015 mahakama ilimhukumu kifungo cha miaka 16. Tangu hapo, kila anayetaka nahodha ajifungie chumbani hutaja Giglio, na kwangu hiyo ndiyo hoja dhaifu kuliko zote za upande huo, ijapokuwa ndiyo inayorudiwa zaidi. Schettino hakuipoteza meli kwa sababu alifahamiana na abiria. Aliipoteza kwa sababu aliigeuza kazi ya kuongoza kuwa maonyesho, akawaweka watazamaji mahali ambapo hapakutakiwa mtazamaji, kisha akachagua njia kwa kuangalia nani atafurahi. Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Pale Giglio nahodha alikuwa mmoja, ila alikuwa amejizungushia hadhira.

Tazama pia yaliyofuata, ambayo wanaoshikilia hoja hiyo hawayataji. Meli iligonga kama saa 3:45 usiku. Abiria wakaambiwa kwamba ni hitilafu ya umeme na kwamba mambo yamedhibitiwa, na amri ya kuihama meli haikutoka mpaka zaidi ya saa moja ilipokwisha kupita. Mamia ya abiria waliopanda jioni ile katika bandari ya Civitavecchia walikuwa bado hawajafanyiwa zoezi la dharura, kwa kuwa lilipangwa kwa siku iliyofuata. Watu walikuwa gizani, sakafu imeinama, wamevaa jaketi za kuokolea maisha kwa kubahatisha, wakisubiri sauti moja ya kuaminika iwaambie la kufanya. Kama kuna upungufu wa ukaribu katika historia ya meli za kitalii, ulikuwa pale. Na hatua zilizochukuliwa baadaye zinathibitisha wapi wahusika waliona kosa: kampuni za meli zilikubaliana kwamba mtu asiyehusika na uongozaji asiingie chumba cha usukani meli inapokuwa katika sehemu inayotaka uangalifu wa ziada, na tangu tarehe 1 Januari 2015 SOLAS inataka abiria wapya wafanyiwe zoezi la dharura kabla meli haijaondoka au mara tu inapoondoka. Sijaona kanuni iliyomkataza nahodha kuwaamkia watu.

Usafiri wa anga ulifika huko mapema zaidi. Baada ya ajali kama ile ya Charlotte, Marekani, mwaka 1974, ambapo marubani walikuwa wakiongea habari zisizohusu kazi ndege ikikaribia kutua, mamlaka ya nchi hiyo ilitoa kanuni mwaka 1981 inayowakataza marubani mazungumzo na shughuli zisizo za lazima katika nyakati nyeti za safari, ikiwamo karibu kila mara ndege inapokuwa chini ya futi 10,000. Rubani bado anaweza kusimama mlangoni akawaaga abiria baada ya kutua. Bado hutangaza njiani. Kanuni haikugusa ucheshi wake. Iligusa saa na mahali.

Kisa ninachokiona kuwa na mafunzo mengi kuliko vyote hakitajwi sana kwetu, ingawa kilitokea katika bahari yetu hii, kusini zaidi. Meli ya Kigiriki iitwayo Oceanos iliondoka East London, Afrika Kusini, tarehe 3 Agosti 1991 kuelekea Durban, bahari ikiwa imechafuka vibaya. Usiku ule maji yaliingia, injini zikazimika, taa zikakatika. Walikuwamo watu 571. Abiria wanasimulia kwamba hawakupata tangazo lolote la maana kutoka kwa uongozi. Waliowakusanya ukumbini, wakawaimbia ili wasitaharuki, kisha wakawapanga kupanda boti, walikuwa wasanii walioajiriwa kuwatumbuiza. Mpiga gitaa Moss Hills alikwenda chumba cha usukani akakikuta hakina mtu, akashika redio na kuomba msaada, na alipoulizwa cheo chake alijibu kwamba yeye ni mpiga gitaa. Nahodha Yiannis Avranas alipanda helikopta huku abiria wengi wakiwa bado melini. Kwa juhudi za marubani wa helikopta za jeshi la Afrika Kusini na za meli zilizokuwa jirani, watu wote 571 waliokolewa, na tarehe 4 Agosti Oceanos ikazama karibu na Coffee Bay.

Kuondoka kwa nahodha ndiko kulikoshika vichwa vya habari, na ni haki. Lakini swali linalonishughulisha mimi ni jingine: kwa nini mamia ya watu waliokuwa wakikabiliana na kifo walimtii mpiga gitaa? Hakuwa na mistari begani, hakuwa na mafunzo ya uongozi wa meli, na sheria haikumpa mamlaka yoyote. Alichokuwa nacho ni kwamba walikuwa wamezoea kumwona jukwaani na kumsikia kwenye kipaza sauti, kwa hiyo aliposema kaeni hapa, sauti ile haikuwa ngeni masikioni mwao. Mamlaka ya kisheria yalikuwa ya mtu mmoja, na uwezo wa kusikilizwa ulikuwa wa mwingine. Katika meli iliyopangwa vizuri mambo hayo mawili yanatakiwa yawe ya mtu mmoja, na hayawezi kuunganishwa usiku wa dhoruba. Huunganishwa siku za utulivu, kidogo kidogo, kwa matangazo ya kila siku, kwa nahodha kuonekana kwenye zoezi la dharura badala ya kulituma kwa wasaidizi, kwa abiria kujua kwamba mwenye sauti ile hasemi uongo hata kuhusu mvua ya kesho.

Tuna mfano wa kinyume chake, na ni wa juzi tu. Februari 2020 Diamond Princess iliwekwa karantini Yokohama, Japani, ikiwa na watu wapatao 3,700 na ugonjwa mpya ambao dunia ilikuwa bado haijaujua. Mwishowe zaidi ya watu 700 waliambukizwa. Nahodha Gennaro Arma hakuweza kumsogelea abiria yeyote, achilia mbali kuketi naye mezani. Alibaki na spika tu. Abiria waliofungiwa vyumbani walieleza jinsi matangazo yake ya kila siku yalivyowatuliza, akisema yanayojulikana na kuwatia moyo kwa utani kidogo, na tarehe 1 Machi 2020 alikuwa mtu wa mwisho kushuka. Karantini yenyewe ililaumiwa sana, na lawama nyingi zilikuwa za haki, ila hazikumhusu yeye. Ukitaka kujua ukaribu wa nahodha unaweza kufika wapi bila mkono kushikwa wala picha kupigwa, angalia wiki zile za Yokohama.

Nigeukie sasa upande wa wanaotaka bashasha iongezwe. Hoja yao nzuri ni kwamba abiria amelipa kwa ajili ya safari na si kwa ajili ya usafiri, na kuonana na nahodha ni sehemu ya safari hiyo tangu zamani, siipingi. Hoja yao mbaya ni ile inayosema kwamba meli za leo zinajiendesha, kwamba kuna setilaiti, ramani za kielektroniki na mitambo ya kujiongoza, kwa hivyo nahodha amebaki kama mwenye hoteli. Anayesema hivyo na asimame ukingoni mwa Mama Ngina Drive, Mombasa, siku meli kubwa inapoingia. Ataiona ikipita mlangoni, boti ya rubani wa bandari ikiwa imeshamfikisha mtu wake ndani, feri za Likoni zikisubiri pande zote mbili na maelfu ya watu ndani yake na kwenye vivuko, mkondo wa maji ukivuta kwa namna yake, ufuo ukiwa karibu kiasi kwamba watu walioko nchi kavu wanapungiana mikono na walioko sitahani. Rubani wa bandari anatoa ushauri wa njia. Dhamana inabaki kwa nahodha. Hakuna setilaiti itakayomwamulia pale iwapo injini moja itasita. Na hata nje ya bandari, mwezi Machi 2019 Viking Sky ilizimikiwa na injini katika dhoruba ya pwani ya Norwei ikiwa na watu 1,373, kwa sababu mafuta ya kulainisha mitambo yalikuwa machache kwenye matangi na mawimbi yakayayumbisha. Mamia ya watu walinyanyuliwa kwa helikopta. Teknolojia imempunguzia nahodha kazi ya mkono, ikamwachia ile ya kuamua, ambayo ndiyo inayoharibika mtu anapokuwa mchovu au anapokuwa na wageni.

Kuna pia suala la haki, ambalo wapenda bashasha hulipita haraka. Nahodha akiwa baharini ndiye mwenye kuamua abiria mkorofi afungiwe, mgonjwa ateremshwe bandari gani, na aliyechelewa asubiriwe au aachwe. Mwishoni mwa Machi 2024 Norwegian Dawn iliwaacha abiria 8 São Tomé baada ya kuchelewa kutoka kwenye matembezi waliyojipangia wenyewe. Walinzi wa pwani waliwapeleka kwa boti hadi kwenye meli, ambayo ilikuwa bado imetia nanga, na nahodha akakataa wasipande. Wakahangaika nchi baada ya nchi mpaka wakaipata Dakar. Mtandaoni nahodha aliitwa mtu asiye na utu, na wengi hapa kwetu waliunga mkono. Binafsi nadhani ilikuwa inawezekana kuwashughulikia kwa upole zaidi, hasa kwa kuwa miongoni mwao walikuwamo wazee na mjamzito. Lakini fikiria uamuzi uleule ungekuwaje kama mmoja wa wale 8 angekuwa amekula naye chakula cha jioni mara tatu wiki ile. Akimpandisha, wengine watasema ni upendeleo, na watakuwa na haki. Akimwacha, urafiki umevunjika na kampuni inapata malalamiko ya mtu mwenye jina. Nahodha anayejulikana kwa wote sawasawa hana mtego huo. Aliyezoeleka kwa wachache anao kila siku.

Hapo ndipo ninapokosana na meza ya nahodha kama inavyoendeshwa. Mara nyingi wanaoalikwa ni waliolipia vyumba vya juu na wateja wa kudumu wa kampuni. Ni biashara, na biashara si dhambi, ila tusiiite ukaribu na abiria. Familia iliyobanana katika chumba kisicho na dirisha sitaha ya chini ndiyo itakayohitaji zaidi kumwamini nahodha ngazi zitakapojaa moshi, na ndiyo isiyoalikwa. Ningekuwa na sauti katika kampuni hizo, ningeifuta meza hiyo bila majonzi, na muda wake ningeupeleka kwenye tangazo la adhuhuri na kwenye zoezi la dharura la siku ya kwanza.

Ukaribu ambao karibu haujadiliwi kabisa ni ule wa nahodha na watu wake wa kazi, na kwetu Kenya huu ndio unaotugusa zaidi, maana vijana wetu wanaoajiriwa kwenye meli hizi wengi wao huanzia idara ya hoteli: jikoni, mezani, vyumbani. Mpwa wangu mmoja yumo humo. Nilipomuuliza kama wanamjua nahodha wao alicheka: "Mjomba, huyo tunamjua kwa kikohozi. Kabla hajasema neno kwenye spika, anakohoa mara moja, na jikoni nzima inanyamaza." Akaniambia kwamba nahodha aliyemtangulia huyo hakuwahi kuonekana kwenye ukumbi wa chakula wa wafanyakazi, na kwamba mabaharia wa vyeo vya chini walikuwa wakiona hitilafu wanamwambia msimamizi wao, msimamizi anaipima kwanza kama inafaa kumsumbua mkubwa. Ripoti juu ya Costa Concordia zilieleza jinsi maofisa waliokuwa kwenye chumba cha usukani walivyoona mwamba unakaribia bila kumpinga nahodha wao kwa nguvu inayotakiwa. Sisi tuliokulia katika ofisi ambazo mkubwa hakosolewi mbele ya watu hatuhitaji kuelezwa hali hiyo kwa kirefu. Mabaharia duniani kote sasa hufundishwa kwamba ofisa mdogo ana wajibu wa kusema, lakini darasa halitoshi kama mwenye mistari minne ni mtu ambaye hata salamu zake ni za mwaka. Saa moja ya nahodha na wapishi wake inaokoa watu wengi kuliko saa moja ya picha na abiria, ingawa haimfikishi mtandaoni.

Ikiwa hoja hii ina ukweli, basi yapo mambo ya kufanya hapa nyumbani. Mamlaka ya Usafiri wa Baharini ya Kenya na Chuo cha Bandari, Mombasa, vinapoandaa vijana kwa ajili ya meli hizi, mkazo mwingi ni wa vyeti vya usalama na ustadi wa huduma, na ni sawa. Ningependa kuona pia somo la kusema na umati katika giza, kwa kuwa mhudumu wa mezani ndiye atakayekuwa uso wa kwanza kutazamwa na abiria, na kwa kuwa miongoni mwa vijana hao watakuwamo, kama nchi ina nia ya kweli na uchumi wa bahari, manahodha wa kesho. Vyombo vyetu vya kawaida vina upungufu huohuo kwa sura nyingine. Likoni watu huvuka kila siku bila kuwahi kusikia sauti ya anayewavusha. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara, Ziwa Victoria, tarehe 20 Septemba 2018 na kuua watu 228, Rais John Magufuli aliliambia taifa la Tanzania kwamba nahodha hakuwamo na aliukabidhi usukani kwa mtu asiyefunzwa vya kutosha. Sidai kwamba abiria wangeweza kukizuia chombo kile, ambacho tayari kilikuwa kimejazwa kupita kiasi. Nadai tu kwamba pale ambapo abiria wanamjua nahodha wao, kutokuwapo kwake huonekana kabla ya kamba kufunguliwa.

Na lipo jambo dogo ambalo halihitaji bajeti. Meli inapofika Mombasa kwa mara ya kwanza, desturi ni kumwandalia nahodha hafla ya kubadilishana ngao, na hafla hizo huwa na hotuba ndefu, waheshimiwa waliochelewa na ngoma zinazosubiri waheshimiwa. Meli ikiwa imeingia alfajiri, mtu anayesimamishwa pale juani ameamka usiku wa manane, ameipitisha meli mlangoni, na jioni hiyohiyo pengine anatakiwa kuitoa. Mamlaka ya Bandari na maofisa wa utalii wangeweza kuamua kuanzia msimu ujao kwamba ngao itapokewa na naibu nahodha au meneja wa hoteli, na kwamba nahodha akitaka kuja, aje alasiri baada ya kulala, akae dakika kumi, asalimiane na wafanyakazi wake Wakenya mbele ya wazazi wao waliosafiri kuja kuwaona, kisha aachwe arudi kazini.